Mpishi wa nadhiri wa Kibokoni, na mbuzi wawili wa mamangu

Mwenye haraka asome hapa tu: ukiwa na nadhiri ya chakula na uko Mombasa, muendee mpishi huyu. Pilau yake ni nzuri, ingawa nimewahi kula nzuri zaidi katika mji huu, na nitasema mbele ilipopungua. Lakini sijamwona mpishi mwingine anayeijua tofauti ya chakula cha harusi na chakula cha nadhiri kama anavyoijua yeye, na tofauti hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike haya yote.

Jina lake siliweki hapa. Mwenyewe alinikataza. "Andika kazi, mwalimu, jina niachia mwenyewe." Ukitokea Ngomeni ukaifuata Ndia Kuu, ingia vichochoro vya Kibokoni uulize barazani mama anayepika za nadhiri. Wauza kahawa wanamjua. Mimi nilielekezwa na kijana aliyekuwa ameketi na dele lake la kahawa, na hakuniuliza mara mbili.

Sasa nieleze nadhiri ilikuwa ya nani, maana haikuwa yangu.

Juni 2012 mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka 4, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Tulilala hospitali siku 19. Mamangu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi kila alfajiri mlangoni kwake Majengo, na kwa siku zote hizo 19 hakuwasha jiko. Alikuwa akija na chupa ya chai, anakaa kwenye benchi la ukumbi wa wodi, anashika tasbihi. Mtoto akapona, Alhamdulillahi. Februari ya mwaka uliofuata mama akafariki, ghafla, moyo. Tulimzika, tukamsomea hitima, tukauza bangili zake mbili za dhahabu, tukagawana mimi na ndugu zangu wawili kwa mafungu ya sheria. Tulidhani tumemaliza.

Mwaka jana mama mdogo, nduguye mama wa kufuatana naye, alikuja kutuamkia. Mwanangu akapita sebuleni, mrefu, ndevu zimeanza. Mama mdogo akamtazama mpaka akaingia ndani, kisha akanigeukia: "Ile nadhiri ya dadangu, mliiondoa?"

Nikamuuliza nadhiri gani.

Hapo ndipo nilipojua kwamba usiku mmoja pale kwenye benchi, mama alitamka nadhiri kwa sauti, na mama mdogo alikuwa pembeni yake amesikia. Na hapo hapo nikakumbuka kopo. Baada ya mazishi tulikuta kopo la mafuta ya kupikia chini ya kitanda chake, ndani mna noti na sarafu, jumla shilingi 6,300. Tulijua ni mtaji wa unga na sukari. Tulizitumia kwenye hitima. Zilikuwa za mbuzi.

Sikulala usiku ule. Ninafundisha Kiswahili, na neno nadhiri nimelifundisha miaka mingi kama msamiati: ahadi anayoiweka mtu kwa Mungu. Watoto huandika, wanapata alama, tunapita. Lakini kuna hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari, ya mwanamke wa kabila la Juhayna aliyemjia Mtume akamwambia mamake aliweka nadhiri ya kuhiji na amekufa kabla ya kwenda, je, amhijie? Mtume akamwambia amhijie, kisha akamuuliza: mamako angekuwa na deni, usingelilipa? Basi deni la Mwenyezi Mungu lina haki zaidi ya kulipwa. Nilikuwa nikiisikia darasani kila mwaka karibu na msimu wa Hija na sikuwahi kufikiri kwamba huyo mwanamke ni mimi. Na Suratun Nisaa, pale inapogawa mirathi, inarudia na kurudia kwamba mafungu yatolewe baada ya wasia na deni. Sisi tuligawana bangili kwanza.

Niliwapigia ndugu zangu asubuhi. Hakuna aliyebisha. Mmoja yuko Dubai, akatuma siku ile ile.

Mpishi wa kwanza niliyempigia hakuwa huyu. Ni mtu wa shughuli kubwa kubwa, nitamwacha bila jina. Nilimwambia ni nadhiri ya mbuzi wawili, akanijibu bei kwa vichwa vya watu, akaniambia mbuzi wawili ni gharama za bure, nichinje mmoja ili niseme nimechinja, nyama nyingine atanunua ya ng'ombe kwa muuzaji wake, wali ni ule ule na watoto hawatajua. Ngozi, vichwa na miguu vingekuwa vyake kama kawaida. Nilipomwambia kwamba maneno yalikuwa mbuzi wawili, akasema, "Mama, Mungu anaangalia nia." Nilikata simu nikiwa natetemeka. Nia ya nani? Nia ilikuwa ya mama, na mama alisema wawili.

Huyu wa Kibokoni nilimkuta asubuhi, saa tatu hivi, amekaa kwenye kigoda anachambua bizari kwenye ungo. Ni mtu mzima, miaka 60 na kitu, mikono imekauka kwa moto. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi mkubwa." Akaitikia, akaniwekea mkeka, na nilipomwambia nina nadhiri nataka kuiondoa, akaweka ungo chini. Hakuniuliza watu wangapi. Hakuniuliza lini. Aliniuliza:

"Ilinenwa vipi?"

Nikaanza kueleza ugonjwa wa mtoto. Akanikatiza kwa upole. "Ugonjwa nimesikia, Mungu ampe afya. Nataka maneno. Yaliyotoka mdomoni."

Sikuyajua. Nilijua mbuzi wawili tu. Akanirudisha. Akaniambia hanipikii mpaka nimlete aliyesikia. Wengine wangeona ni usumbufu, na mimi mwenyewe nilichukia njia nzima mpaka Majengo, jua limeshapanda na nina vitabu vya wanafunzi vya kusahihisha. Kesho yake nikaenda na mama mdogo. Mpishi akamkalisha kwenye mkeka, akampa kahawa, wakaulizana ukoo kwanza, wakakuta wote wawili walisoma chuo kimoja cha Qur'ani kwa mwalimu mmoja. Kisha akamwambia, "Haya, mwanangu, nambia."

Mama mdogo akafumba macho, akayasema: "Mola wangu, mjukuu wangu huyu akitoka lango hili kwa miguu yake, nina mbuzi wawili juu yangu, wa watoto wa chuo, na mimi sionji hata mchuzi."

Mpishi akatikisa kichwa kwa muda. Akasema mamangu alikuwa mtu wa elimu. Nikamwambia mama hakusoma zaidi ya msahafu na mahamri. Akasema, "Nadhiri hiyo haikukosa kitu. Amesema ni juu yake. Amesema mnyama gani, wangapi, wa nani. Na amejua kwamba yeye mwenyewe hali nyama hiyo." Sisi Waislamu wa pwani wengi wetu ni Mashafii, na kwa madhehebu yetu mnyama wa nadhiri mwenye kuiweka haonji, wala wale ambao kuwalisha ni juu yake. Pia nadhiri ya Kishafii haifungi kwa kupita moyoni tu, ni mpaka itamkwe. Ndiyo maana ya maswali yake. Kuna watu, alisema, wanamjia na nadhiri ya pilau kumbe walisema biriani, au walisema kondoo. Na wengine wanamjia na nadhiri ambazo si zake kupika. Mwanamke mmoja alitaka kuja kwa miguu, peku, kutoka upande wa Likoni juani, na asiseme na mtu njia nzima, kisha ndiyo alishe watu. Alimpeleka kwa shehe kwanza, na shehe akamsomea habari ya Abu Israil, yule bwana aliyeweka nadhiri ya kusimama juani, asikae, asipate kivuli, asiseme, na afunge. Mtume aliposikia akasema aambiwe aseme, aingie kivulini, aketi, na saumu yake aimalize. Kujitesa kukaondolewa, ibada ikabaki. Yule mwanamke akavaa viatu akalisha watu wake.

Kisha mpishi akanigeukia mimi.

"Alitoka kwa miguu yake?"

Nilitaka kujibu ndiyo. Mdomo ukawa mzito, maana nilikumbuka kwamba nilimbeba. Siku ya kutoka mwanangu alikuwa mwepesi kama mtoto wa mwaka mmoja, nilimfunga mgongoni kwa leso. Leso yenyewe ninayo, ni kisutu. Nikawaambia wale mama wawili: nilimbeba mgongoni.

Wakanyamaza. Mpishi akasema taratibu, kama mtu anayenihurumia, kwamba basi labda hakuna kitu juu ya marehemu, maana sharti halikutimia, na tukitaka kulisha watoto tulishe kama sadaka, na tutakula na sisi.

Na hapo nikaliona lango.

Mama alikuwa nyuma yangu na mfuko wa nguo na chupa ya chai. Tulipofika langoni alinishika bega akasema, "Mteremshe." Nikamwambia mama, mtoto hana nguvu, twende tuktuk ile pale. "Mteremshe, nimekwambia." Sauti ile alikuwa akiitumia tulipokuwa wadogo tu. Nikafungua leso, nikamsimamisha chini. Mama akapita, akatoka nje ya lango, akaweka mfuko kwenye vumbi, akachutama, akafungua mikono. Mwanangu alishika chuma cha geti, akapiga hatua, akayumba, nikataka kumdaka na mama akanikatalia kwa jicho. Hatua saba au nane. Alipomfikia, mama alimkumbatia akalia kwa kwikwi mpaka askari wa lango akatoka kibandani. Mimi nilikuwa nimekasirika. Nilimwona mamangu anamsumbua mgonjwa kwa jambo nisilolielewa, na ndani ya tuktuk sikusema naye neno mpaka tukafika nyumbani.

Miezi minane baadaye amekufa, na sikuwahi kumuuliza.

Nilipomaliza kuwaeleza, mama mdogo alikuwa analia kwenye ukaya wake. Mpishi alisema, "Basi ni deni," akauvuta ungo wake, akaendelea na bizari. Tukapanga siku.

Nimelifikiria lango lile tangu hapo. Angeniacha tu nimpitishe mgongoni, asingedaiwa. Mtoto alikuwa ameshapona, alichokiomba alikuwa ameshakipata, na kwake hakukuwa na hata mbuzi mmoja. Ni yeye mwenyewe aliyechutama nje ya lango akalihakikisha deni lake.

Nayasema haya kwa sababu wiki ile ustadhi wa chuo, kijana mwenye elimu na adabu, nilipokwenda kumwomba uwanja, alinisomea hadithi ya Ibn Umar ambamo Mtume anakataza nadhiri na kusema hairudishi kitu, ila kwa nadhiri hutolewa mali ya bakhili. Iliniuma. Mamangu na ubakhili? Ustadhi hakuwa na nia mbaya, aliniambia pia kwamba Qur'ani inawasifu wanaotimiza nadhiri zao, katika Suratul Insan, na kwamba wanavyuoni wamezikusanya zote mbili: linalochukiwa ni kumfanyia Mungu biashara, nipe nikupe, na kudhani kwamba mbuzi ndiye aliyeponya. Ikishawekwa, kuiondoa ni wajibu, maadamu ni ya utiifu. Ya maasia haitimizwi. Nilikubali. Mimi si mwanachuoni. Lakini mtu anayefanya biashara hafungui mikono langoni kuhakikisha kwamba anadaiwa. Mama alikuwa amekaa siku 19 mbele ya wodi na mikono mitupu. Madaktari walikuwa na dawa zao, mimi nilikuwa na mtoto wa kushika, yeye hakuwa na kitu cha kutoa, basi akatoa kesho yake, mahamri ambayo hajayakanda bado. Hivyo ndivyo ninavyoielewa nadhiri sasa, na darasani nimeacha kuipita kwa sentensi moja.

Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu, Mtaita, Mwanglikana wa dhati, nilipomsimulia aliniambia, "Hiyo ni habari ya Hana." Biblia ya Kiswahili inatumia neno letu hili hili, nadhiri. Hana alikuwa tasa, akaenda Shilo, akaomba mtoto wa kiume na kuweka nadhiri kwamba akipewa atamrudisha kwa Bwana maisha yake yote. Midomo ilicheza bila sauti, na Eli kuhani akadhani amelewa. Akapewa Samweli, akamnyonyesha, na alipomwachisha ziwa akampeleka Shilo akamwacha huko. Mwenzangu aliisema sehemu ya kumwachisha ziwa polepole, naye ni mama wa watoto watatu. Alinikumbusha pia habari ya Yeftha katika Waamuzi, aliyeapa kumtoa sadaka chochote kitakachotoka mlangoni mwake kumlaki akirudi salama vitani, na aliyetoka ni binti yake wa pekee, anacheza na matari. Akasema kwao kanisani wanafundishwa kuchunga ulimi kwa ajili ya Yeftha. Nikamwambia iko kwetu ya Abdul Muttalib, babu wa Mtume, aliyeweka nadhiri ya kumchinja mmoja wa wanawe akifikisha kumi, na kura ikamwangukia Abdallah, mpaka akakombolewa kwa ngamia 100. Tulikaa pale kengele ikalia hatukuisikia.

Jambo lililonikaa zaidi ni jina. Mke wa Imrani, katika Suratu Al Imran, aliweka nadhiri ya kilichomo tumboni mwake kiwe wakfu kwa Mola, na akamzaa Maryam. Wafasiri wanamtaja kwa jina la Hanna. Mwenzangu akaniambia na wao, katika mapokeo ya Kikristo, mamake Maria wanamwita Anna, na Anna na Hana ni jina moja. Na neno analolitumia mke wa Imrani katika aya, muharrar, linatokana na uhuru: aliyeachwa huru. Nilimsomea Kiarabu chake mara mbili. Mtu anafunga nadhiri, na neno lenyewe linasema amefungua.

Nirudi kwenye kazi ya mpishi, maana hii ni habari ya kazi yake.

Alikuja mwenyewe Majengo na wasaidizi wawili, kwa mkokoteni, saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi. Sufuria mbili kubwa, mafiga ya mawe yake mwenyewe, kuni za mkanju. Mbuzi walikuwa wameshafika jana yake kutoka Mariakani, aliwachagua yeye, akawakagua meno na miguu, akamkataa mmoja kwa sababu sikio limekatika na akaletewa mwingine. Alisema mnyama wa nadhiri ni kama wa udhia, yule wa kuchinjwa Idi kubwa, hatolewi mwenye kasoro. Mchinjaji alipomaliza akanyoosha mkono kwenye ngozi na vichwa kama ilivyo desturi, na mpishi akamzuia: ujira wake ni pesa, shilingi 1,000, hakuna kulipwa kwa kitu cha mnyama mwenyewe. Hilo nalo lina asili yake, Mtume alimwamrisha Ali asimpe mchinjaji ujira kutoka kwenye wanyama wake wa Hija. Vichwa na miguu vilikwenda kwa bibi mmoja jirani anayelea wajukuu watano, ngozi akapewa fundi wa ngoma aliye masikini wa kweli. Hakuna kilichobaki kwetu hata mfupa.

Upishi wake niliutazama wote, nimekaa kwenye ngazi ya chuo. Vitunguu alivikaanga mpaka vikawa rangi ya kahawa, si dhahabu, kahawa, na hapo ndipo rangi ya pilau ya Mombasa inapotoka. Thomu na tangawizi vilitwangwa papo hapo, havikutoka kwenye kopo. Bizari nyembamba ilitangulia, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga zikafuata, harufu ikatoka mpaka barabarani na watoto wakaanza kuchungulia getini. Maji ya mchele hakupima kwa kikombe, alichovya kidole akayaongeza mara moja. Kisha akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko, akachukua tasbihi yake.

Na pembeni, mbali kabisa, kulikuwa na sufuria ndogo. Hii ndiyo sababu yangu ya kumpa nyota zote. Ilikuwa ni ya kwetu sisi wenyeji, mimi, ndugu yangu, mama mdogo na mwanangu. Nyama ya kilo moja niliyoinunua buchani kwa pesa yangu mwenyewe, mchele wangu, na upawa wake tofauti uliofungwa kitambaa chekundu ili wasaidizi wasichanganye. Hakuniuliza kama nataka. Alinipa orodha ya vitu vya sufuria hiyo siku ile ile tuliyopanga. "Mtanusa harufu mchana kutwa," alisema, "lazima mle kitu." Msaidizi mmoja alipotaka kuonja chumvi ya kubwa kwa upawa wa ndogo alipigiwa kelele mpaka mtaa ukasikia.

Mwanangu aliambiwa na ustadhi kwamba suala lake lina nafasi, angeweza kula, maana nyanya yake hakuwa akimlisha. Hakutaka. Alibeba masinia kutoka kwenye sufuria hadi mkekani, yote, akakataa kusaidiwa, na kila alipoinama kuweka sinia alikuwa akisema "Bismillahi, kuleni." Walikuwa watoto 83 na walimu wao wanne, wanne wanne au watano watano kwa sinia. Walisoma Fatiha kwa ajili ya nyanya wasiyemjua. Mmoja mdogo kabisa, kofia imemzidi, alimuuliza mwanangu mbona yeye hali. Akamjibu, "Mimi nilishakula yangu zamani."

Sasa yaliyopungua, niseme kwa haki. Tulikubaliana chakula kiwe tayari baada ya Adhuhuri, na kilipakuliwa saa nane kasoro robo. Kwa mtu mzima si neno, kwa mtoto wa miaka sita aliyenusa pilau tangu asubuhi ni muda mrefu. Sababu ni kuni, nusu zilikuwa mbichi, na kuzikagua ilikuwa kazi yake. Sufuria ya pili ilishika chini na wali wa chini ulikuwa na ladha ya moto, ingawa watoto waliugombania ukoko. Kachumbari ilifika masinia yameshaliwa nusu. Zile kelele kwa wasaidizi sikuzipenda mbele ya watoto, nikamwambia, akasema hasira za moto, na akapunguza. Simu yake hapokei. Ukimtaka, nenda kwa miguu.

Gharama hizi hapa, maana najua mtauliza. Nilimkabidhi shilingi 40,000, mchango wetu ndugu watatu. Mbuzi wawili 23,000. Mchele wa pishori kilo 16, shilingi 3,200. Viazi, vitunguu, viungo na mafuta 4,150. Kuni 1,200. Mchinjaji 1,000. Ujira wake na wasaidizi 7,000. Sufuria ndogo ilikuwa mbali, niliilipia mwenyewe.

Jumapili asubuhi alibisha mlango wangu, amekuja kutoka Kibokoni hadi Majengo. Mkononi ana shilingi 450 zilizobaki, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikamwambia Bi mkubwa, chukua za nauli. Akakataa. Alisema pesa hizo zimeshatajwa jina, si zake na si zangu, nizipeleke chuoni. Nilizipeleka, ustadhi akanunua chaki na maziwa.

Humpati baada ya saa nne asubuhi, huwa amelala, kazi zake nyingi ni za usiku. Jumatatu hapiki. Anataka taarifa ya wiki mbili, na ikiwa nadhiri ni ya marehemu, nenda na aliyeisikia ikitamkwa.